Kreti ya Kumi na Mbili

Meja alitaka magunia yaonekane yana unga kweli. Aliinama juu ya meza, akalibonyeza moja kwa ncha ya kidole. Gunia lenyewe halikuzidi tende.

“Hili limekakamaa mno, mzee wangu. Gunia la unga halikai hivi.”

“La juu halikai hivyo,” Rubani alijibu bila kuinua macho. “Hilo ni la chini. Lina wenzake tisa mgongoni. Hata wewe ungekakamaa.”

Meja akacheka, akaandika kwenye daftari lake. Alikuwa afisa kijana, mwanamke mpole mwenye haraka ya watu waliobakiwa na siku chache, aliyepewa kazi ya kufungua chumba cha kumbukumbu kambini. Kitu cha kwanza ambacho wageni wangekiona baada ya siku saba kilikuwa hiki kilicholala juu ya meza ya sebuleni: ndege ya mizigo ya jeshi, ya mbao na bati, ndefu kuliko mkono wa mtu mzima, ubavu mmoja umeachwa wazi ili tumbo lake lionekane na kila kilichomo. Ilikuwa ndege ya safari moja maalumu, ile ya mwaka wa mafuriko, ilipowaletea chakula na dawa watu wa mji huu waliokatikiwa na barabara.

Rubani hakuwahi kushika usukani wa ndege hata siku moja. Jina hilo alipewa mtaani kwa dhihaka, nalo likamganda. Kazi yake jeshini kwa miaka thelathini ilikuwa kupakia: kupanga, kufunga kwa minyororo na nyavu, kuhakikisha mzigo ukishalala haujigeuzi angani. Na mfano huu aliujenga kama alivyokuwa akipakia. Ndani ya kila kreti alitia kipande cha madini ya risasi ili iwe na uzito wake, kisha akaining’iniza ndege kwa nyuzi mbili chini ya mabawa. Ikinyanyua pua, basi mzigo umekaa vibaya. Anatoa vyote, anaanza upya. Mkewe alimwambia uzee unamwendea kichwani, lakini alikubali kumshonea nyavu.

Mkewe alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Ukimwuliza mtoto yeyote nyumba ya Rubani iko wapi, naye atakuuliza, ile ya Fundi? Cherehani yake ya miguu ilikaa pale dirishani. Ndiyo iliyoezeka nyumba, ndiyo iliyomsomesha binti yao hadi akawa mwalimu. Pensheni ya Rubani ilikuwa ya chumvi na sabuni, pamoja na kadi ya hospitali ya kambi iliyompatia vidonge vya presha.

“Sasa kuna hili la kreti za dripu,” Meja alisema. “Orodha inasema kumi na mbili. Zilizofika ni kumi na moja. Tuweke ngapi?”

Kisu cha Rubani kilisimama juu ya ubao. “Kumi na mbili,” alisema. “Ndizo zilizopakiwa.”

“Ndivyo nilivyofikiri. Na kwenye kile kibao cha shaba nimeweka majina ya wote waliohusika na safari, wewe ukiwemo. Yule karani wa mizigo nimemwacha. Mtu aliyefungwa kwa kuiba dawa za wagonjwa hatuwezi kumweka ukutani.”

“Ni kweli,” alisema Rubani.

Meja akatoa picha kubwa kwenye bahasha. Ilikutwa kwenye droo ya ofisi, alisema, imepigwa kutoka nyuma ya ndege, mlango wa mizigo ukiwa bado wazi, dakika chache kabla ndege haijaruka. “Nataka kila kitu kiwe kama kilivyo hapa. Na hiki kilichofunikwa turubai karibu na mlango ni nini?”

Rubani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. “Jenereta.”

“Jenereta ni moja tu kwenye orodha, nayo iko kule mbele.”

“Hiyo ni ya akiba. Siku zile mambo yalikuwa ya haraka, mwanangu. Si kila kitu kiliandikwa.”

“Basi iweke na hiyo. Nataka ukweli mtupu.” Meja akampa Fundi ile picha. “Mama, hebu tazama nyavu zilivyofungwa.”

Fundi akatazama nyavu. Kisha akatazama turubai. Kona moja ilikuwa imenyanyuka, na chini yake ulichungulia mguu wa chuma uliosukwa kama kikapu, na mahali pa kigurudumu cha chini pamefungwa kipande cha ubao kwa waya. Aliutazama kwa muda. Hakuwa na haja ya kugeuka kuangalia dirishani, kwani mguu ule alikuwa ameusafisha kila Jumamosi kwa miaka ishirini na minne.

“Nimeziona,” alisema, akairudisha picha.

* * *

Meja alipoondoka, Rubani alichukua kipande cha ubao akaanza kuchonga jenereta. Fundi alirudi kwenye kiti chake, akaweka miguu juu ya kanyagio, akaitoa.

“Hiyo jenereta yako,” alisema, “ina mguu wa ubao?”

“Ipi?”

“Hiyo ya akiba.”

Rubani alichonga kidogo, vumbi la ubao likamwangukia magotini.

“Uliniambia ilikuja na lori la kambi,” Fundi aliendelea. “Nikawashukuru madereva. Niliwapikia, mume wangu. Nikawaona wanatazamana, nikadhani ni haya ya wageni.”

“Lori lingepita wapi? Barabara zilikuwa maji matupu.” Aliweka kisu chini. “Wewe uliniandikia barua. Usirudi bila cherehani. Ukaichora na picha yake chini.”

“Nilikuwa nakutania!”

“Ulikuwa na mimba ya miezi saba, umefukuzwa kwenye duka la kushona. Sikuuona utani.”

Ndipo akaeleza, kwa sauti ndogo, akitazama ndege badala ya mkewe. Cherehani aliinunua kikweli, kwa jasho lake, kule mbali alikokuwa kazini. Lakini siku ile rubani halisi wa ndege alitangaza kwamba haongezi hata kilo moja. Cherehani na miguu yake ilikuwa kilo arobaini. Kreti ya dripu, kilo arobaini.

“Nikashusha moja. Nikaiweka nyuma ya ukuta wa hanga, nikaifunika vizuri. Nikasema itakwenda na ndege ya kesho. Sikuiba, mama. Wallahi sikuiba. Tumerudi kesho yake, haipo.”

“Na Karani?”

“Alikuwa ameshahesabu. Alihesabu kumi na mbili, akatia sahihi, akaenda zake ofisini. Mimi nikashusha baada yake.”

“Wakakuuliza.”

“Wakaniuliza.” Alisugua paja lake kwa kiganja. “Nikawaambia, mimi hufunga nilichopewa.”

Fundi alishika ukingo wa meza ya cherehani, kisha akauachia kama umemchoma. Miaka yote hiyo aliambiwa kwamba Karani alitaka kumtumbukiza mumewe shimoni ili ajiokoe. Aliamini, na kwa nini asiamini? Mumewe alikuwa mtu wa kunyoosha hata kamba ya kuanikia nguo. Alipokutana na Karani njiani alimwitikia salamu kwa ncha ya ulimi. Mwizi wa dripu, alimwita, mbele ya majirani.

“Na dripu zenyewe?” aliuliza. “Zilikuwa chupa ngapi?”

“Thelathini na sita.”

“Za watu wangapi?”

“Sijui.”

“Hujawahi kuuliza?”

“Nauliza kila siku,” alisema Rubani. “Ila sijawahi kumwuliza mtu.”

Mteja akabisha hodi kufuata gauni lake. Halikuwa tayari. Alimwambia arudi Jumatatu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja, na mama wa watu akaondoka akinung’unika.

* * *

Karani alikaa nje ya lango la hospitali, chini ya mwavuli uliokatika mbavu mbili, na mizani ya bafuni yenye kioo kilichopasuka. Unapanda, anasoma, anakuandikia uzito wako kwenye kikaratasi kwa mwandiko wa ofisini, na chini anatia tarehe na sahihi. Watu walimcheka kwa ile sahihi. Baadhi walikunja kikaratasi na kukitupa mbele yake kabla hawajafika hatua kumi, naye aliinuka akaokota asichafue mahali. Kando yake aliketi mwuza karanga, rafiki yake wa pekee.

“Nipime, shemeji,” alisema Fundi.

Karani aliinua macho. Neno hilo alikuwa hajalisikia kinywani mwake tangu binti wa Fundi akiwa tumboni. “Vua viatu,” alisema. “Viatu vinadanganya.”

Fundi akapanda. “Sabini na moja na nusu,” Karani alisoma, akaanza kuandika.

“Shemeji, nimeiona picha.”

“Ipi?”

“Ya ile ndege. Mlango wa nyuma uko wazi. Cherehani yangu imo ndani.”

Kalamu haikusimama. Karani alimaliza tarehe, akatia sahihi, akampa kikaratasi. Mwuza karanga alijiona yumo mahali pasipomhusu, akageuza kiti.

“Niliwaambia kuna cherehani,” Karani alisema. “Siku ya kwanza kabisa. Kabla ndege haijaruka niliona turubai na mguu wa cherehani ukichungulia, nikajisemea, ni mzigo wa rafiki yangu, si vizuri kumchunguza. Hilo ndilo kosa langu, silikatai. Wakamwita. Akasema yeye hufunga alichopewa. Mimi nikapewa miezi sita ya kreti, na mitatu juu yake ya kumsingizia mwenzangu.”

“Mimi sikujua. Mungu ni shahidi.”

“Ulikuwa hujui, naam. Lakini nilikuja kwako na suruali.”

“Suruali gani?”

“Nilikuwa nimetoka ndani, nina suruali moja, imechanika magotini. Nikasema niende kwa shemeji. Ulimwita mtoto wa jirani asimame mlangoni. Halafu ukausogeza mkasi, ukauweka upande wako.”

Fundi akakumbuka. Alikumbuka hadi rangi ya ile suruali, na kwamba alimtoza bei ya mtu baki. Aibu ilimpanda toka miguuni, akiwa bado amesimama juu ya mizani peku mbele ya lango la watu. “Nilidhani hukuona,” alisema.

“Kazi yangu ilikuwa kuona, shemeji. Kuona na kuhesabu.” Aliifuta mizani kwa kitambaa. “Mwenye kovu usidhani kapoa. Sasa unataka niseme nini? Kwamba nimesamehe, uende ukalale?”

“Nataka uje kambini Ijumaa, saa nne. Anakabidhi ndege.”

“Nije kuangalia kazi ya mikono yake?”

“Uje uhesabu. Nitaacha jina lako getini.”

“Mimi siingii tena kambini,” alisema Karani. Akamgeukia mgonjwa mwenye fimbo aliyekuwa akisubiri, na Fundi akavaa viatu vyake.

* * *

Nyumbani alikuta ndege imening’inia kwenye nyuzi zake, kreti kumi na mbili tumboni na jenereta mpya mlangoni, nyeupe, haijapakwa rangi. Pua ilikuwa imeinuka. Rubani alikuwa ameketi chini yake, mikono mapajani.

“Haikubali,” alisema. “Nimepanga mara nne.”

“Wewe ndiye unajua kwa nini.”

“Mama, wataikata pensheni. Wataichukua kadi. Vidonge vyangu unajua bei yake dukani?”

“Najua. Mimi ndiye niliyevinunua mwaka ule walipoishiwa.” Alivuta kiti akakaa mbele yake. “Utakula kazi ya mkono wangu.” Akasita, kwa sababu hata yeye alisikia maneno yake yanavyolia. Mkono wake ulikula wapi siku zote hizo? Kila mshono aliowahi kupiga, kila karo, kila bati la paa lililipwa na mtu anayepima watu uzito langoni mwa hospitali. “Au tutalala njaa,” alisema. “Lakini mimi sikanyagi tena lile kanyagio mpaka useme.”

“Nimwambie nini Meja? Nianzie wapi?”

“Alisema anataka ukweli mtupu. Mchongee.”

Rubani akainuka, akachukua futi ya kushonea, akapiga magoti mbele ya cherehani. Hakuwahi kuipima. Alisoma urefu, upana, kimo cha miguu, na Fundi akaandika namba nyuma ya kikaratasi cha uzito wake. Ilimchukua siku mbili kuichonga, na miguu aliisuka kwa waya mwembamba, akautia mmoja kipande cha kijiti mahali pa kigurudumu. Iliisha ikiwa ndogo kuliko kiberiti.

Akatoa jenereta ya akiba. Akatoa kreti moja. Akaweka cherehani mlangoni, chini ya kitambaa cha turubai chenye kona iliyonyanyuka, akaiachilia ndege kwenye nyuzi zake. Ililala sawa, kama maji ndani ya sahani.

“Ndiyo maana hakuna aliyejua,” alisema. “Iliruka vizuri sana siku ile.”

* * *

Ijumaa walimkuta Meja kwenye chumba cha kumbukumbu, rangi ya kuta bado inanuka, kabati la kioo liko tayari. Aliizunguka ndege akisifu nyavu, akisifu magunia, mpaka akafika mlango wa nyuma.

“Hii siyo jenereta.”

“Hapana,” alisema Rubani. “Ni cherehani ya mke wangu.”

Akamweleza. Hakueleza vizuri. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akaapa tena kwamba hakuiba, na alipofika penye maneno aliyoyasema mbele ya baraza la uchunguzi, akayarudia mara mbili ndipo yakasikika. Meja alisikiliza amesimama. Rubani alipomaliza, Meja alikwenda akafunga mlango.

“Mzee wangu,” alisema polepole, “sherehe ni kesho. Kadi zimekwenda, kibao kimeshachongwa. Nikiandika haya, faili litafunguliwa, na likishafunguliwa mimi sina uwezo nalo. Pensheni, matibabu, hata mashtaka. Unanielewa?” Akaigusa ile cherehani. “Gundi bado mbichi. Ing’oe, uweke jenereta. Mimi sijasikia kitu.”

Alisema hivyo kwa huruma, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kukataa. Rubani alitazama kidole chake kikielekea mlango wa ndege, kama kidole cha mtu mwingine. Akamtazama mkewe. Fundi aligeuza uso ukutani. Alikuwa na hofu kuliko alivyowahi kuwa nayo maishani, na alijua kwamba akimpa mumewe hata kope moja ya msaada, basi ukweli utakuwa wake yeye na si wa mumewe.

Kidole kikarudi.

“Andika, mwanangu,” alisema Rubani. “Mwenzangu hakuiba. Nilidanganya mimi.”

Hodi ilipigwa. Askari wa getini alifungua mlango, akasema kuna mzee amekaa juani tangu saa tatu, anasema jina lake limeachwa getini, wamempekua mara mbili, hana kitu ila kalamu. Nyuma yake alisimama Karani, shati limepigwa pasi hadi limeng’aa, kofia mkononi.

Rubani alimwendea, akanyoosha mkono wa kulia. “Ndugu yangu,” alisema. “Ndugu yangu, nimekukosea. Nimekukosea mimi.” Na akalia, waziwazi, mbele ya afisa na askari, kamasi na machozi, mzee mzima.

Karani aliutazama ule mkono. “Mkono wako labda nitaupokea siku nyingine,” alisema. “Leo nimeitwa kuhesabu.”

Akampita, akaenda kwenye ndege, akainama mpaka pua yake ikakaribia bati. Alihesabu kwa sauti, bila haraka, akinyooshea kila kreti kalamu pasipo kuigusa, kama alivyofundishwa ujanani. Alipofika kumi na moja akaanza tena tangu mwanzo. Mara ya pili alipofika kumi na moja aliinuka, na uso wake ulikuwa umebadilika kiasi kwamba Meja alijikuta amesimama wima.

“Kumi na moja,” alisema Karani. “Na cherehani moja. Natia sahihi wapi?”

Meja alitafuta karatasi mezani, akakosa, akampa daftari lake mwenyewe. Karani aliandika akiwa amesimama, mwandiko wa ofisini, tarehe, sahihi, akapuliza wino ukauke. Kisha akavaa kofia yake na kuaga, kwa sababu saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakaribia na mizani alikuwa amemwachia mwuza karanga.